Vifunika masikio vya fundi grenda, picha 14 na safari ya makumbusho Bagamoyo: uzoefu wangu

Kwanza bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: 28,000. Nilivinunua Kariakoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, siyo duka la watoto. Ni vile vikubwa vya plastiki vyenye sponji ndani, wanavyovaa mafundi wa grenda. Muuzaji aliniuliza kama mume wangu anachomelea au anakata vigae. Nikamwambia ni vya binti yangu wa miaka minane, nataka kumpeleka makumbusho. Akaniangalia, kisha akapunguza elfu mbili bila kuombwa.

Binti mwenyewe hapa nitamwita Kidawa. Hospitali walituandikia usonji akiwa na miaka mitano, ila nyumbani tulishajua kabla ya karatasi kwamba sauti, mwanga na vitambaa vinamfikia kwa nguvu kuliko vinavyotufikia sisi. Blenda ya jirani anaisikia mwilini. Taa ya tyubu inayolialia darasani, ambayo mwalimu hata hajui kama inalia, kwake ni mbu aliyeingia sikioni. Lebo za shingoni nimezing'oa kwenye nguo zake zote, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani nang'oa mpaka uzi wake, maana kile kiuzi kinachobaki ndicho kinachochoma zaidi.

Mwaka juzi shule aliyokuwa akisoma ilipanga ziara ya kihistoria. Watoto walijazwa kwenye basi dogo, muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka. Walipofika wakapangwa mstari juani, na mtu wa kuwatembeza akawa anapiga makofi kila anapotaka wajibu. Saa nne na nusu nikapigiwa simu: mama Kidawa, njoo umchukue mwanao. Nilimkuta chini ya kiti cha nyuma, amejing'ata mkono mpaka meno yameacha alama. Mzazi mmoja aliyekuwa kwenye msafara akasema pembeni yangu, kwa sauti ya kusudi, kwamba watoto wa siku hizi wamedekezwa. Nikanyamaza. Nilikuwa na kazi ya kumvua lile shati la polista kwanza.

Basi, vifunika masikio. Vinafanya kazi, ila siyo kama nilivyodhani. Kwenye boksi wameandika 27 desibeli. Nilielekezwa kwamba kila kelele inapopungua desibeli 10 sikio huiona imeshuka kama nusu, nikapiga hesabu zangu nikafurahi kuwa dunia yote itanyamaza. Hainyamazi. Zile 27 ni za maabara, kifunika kikiwa kimekaa barabara kwenye ngozi. Kidawa akivaa bado ananisikia nikimwita kwa karibu, na sasa naona ndivyo inavyotakiwa, hasa tukivuka barabara. Kinachopungua ni makali.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni la ushungi. Mara ya kwanza nilimvalisha vifunika juu ya mtandio, kama ambavyo ungevaa miwani ya jua, na akalia vilevile. Kumbe kitambaa kikipita chini ya sponji kinaacha upenyo, sauti inaingia yote. Nywele nyingi na mikono ya miwani nazo zinafanya hivyohivyo. Kwa hiyo vifunika vinaanza, mtandio unafuata juu yake. Anatokeza masikio mawili kama popo, na kwa bahati yeye mwenyewe aliona inachekesha, akajiangalia kwenye kioo changu cha wateja kwa muda mrefu.

Lawama zangu mbili. Vinabana, kwa sababu vimetengenezwa kwa kichwa cha mtu mzima. Nilivilaza usiku mbili tatu juu ya rundo la vitabu ili vilegee, nikikagua visije vikalegea mno. Halafu joto. Kwa joto hili la kwetu sponji linalowa jasho ndani ya dakika kumi, na jasho kwa Kidawa ni mateso mengine kabisa. Nikashona vifuko vya khanga kuukuu iliyokwisha kulainika, nikavivalisha juu ya sponji. Najua vinapunguza uzibaji kidogo. Bila hivyo vifuko anavivua na kuvitupa, kwa hiyo sijuti. Kama mtu anahitaji vifuko vya aina hiyo na hana cherehani, soksi ya pamba ya mtoto inatosha.

Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayemwona Kidawa alitutahadharisha asivivae kutwa nzima, maana sikio likizoea ukimya, kelele ya kawaida nayo itaanza kumuuma. Nyumbani tunavitumia kwa blenda na harusi ya jirani, basi. Nyota tatu kati ya tano.

Nyota tano nawapa picha 14 nilizochapisha steshenari, picha nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya kawaida, nikazifanya kijitabu cha kumsimulia Kidawa safari kabla hatujaondoka.

Wazo si langu. Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, ndiye aliyeanzisha hizi hadithi fupi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtoto anasimuliwa kabla ya tukio: nini kitatokea, nani atakuwepo, yeye anaweza kufanya nini. Makumbusho ya Metropolitan ya New York yanaziweka tayari kwenye tovuti yake, pamoja na ramani ya sehemu zenye kelele na zilizotulia. Smithsonian ya Washington ina asubuhi zake maalumu, inafungua mapema kwa familia kama zetu kabla umati haujaingia. Mimi sina Smithsonian. Nina bajaji na simu yenye kioo kilichopasuka. Nikaenda peke yangu Jumanne asubuhi Misheni, ile ya Kikatoliki ya Bagamoyo yenye makumbusho.

Nilikaribia kukosea pale. Nilipiga picha za mnara, msalaba, mbuyu, nikarudi nyumbani nimeridhika. Usiku nikizipitia nikajiuliza: Kidawa anaogopa mnara? Haogopi mnara. Anaogopa kutojua choo kiko wapi, atakaa wapi, nani atamgusa, na lini tutaondoka. Kesho yake nikarudi, nikapiga picha za geti, mlango wa choo, ngazi, benchi kivulini, na barabara ile ya miembe jinsi inavyoonekana ukiwa unatoka. Mtu aliyekuwa anafagia akaniuliza kama natafuta kitu. Nikasema napiga picha ya choo kwa ajili ya mtoto. Akaenda akanifungulia mlango ili ionekane vizuri.

Chini ya kila picha niliandika sentensi moja au mbili, kwa mdomo wa Kidawa mwenyewe. "Tutashuka kwenye bajaji hapa. Mama atalipa." "Hapa ni penye benchi. Nikichoka naweza kukaa hapa, hata kama mama hajachoka." "Labda kengele ya kanisa italia. Nina vifunika vyangu." Hakuna sentensi ya usilie wala usipige kelele. Nilizijaribu mbili, nikazifuta, kwa sababu kila aliposoma neno "usi" alianza kulifikiria hilo tu.

Ukurasa mgumu ulikuwa wa minyororo. Nyumba yenye makumbusho ilijengwa 1876 kwa ajili ya masista, na humo ndani kuna habari za utumwa, pingu zikiwemo. Nisingeweza kumficha, angezikuta. Nikaandika: "Zamani watu walifungwa na kuuzwa. Ilikuwa vibaya sana. Mapadre walifika hapa 1868, wakawakomboa baadhi yao, wakawajengea kijiji. Pingu ziko kabatini, hazimfungi mtu sasa." Akaniuliza maswali siku nne mfululizo, mengine wakati nakata kitambaa cha mteja, na nashukuru aliyauliza nyumbani. Alichopenda zaidi ni habari ya Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti, au niseme ya Chuma na Susi, watumishi wake. Livingstone alifariki Mei 1873 huko ambako leo ni Zambia, nao pamoja na wenzao wakaubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, ukalazwa kwenye kanisa ambalo mnara wake upo mpaka leo. Kidawa ni mtu wa hesabu. Alihesabu kwa vidole: miezi tisa. Akasema, "Hawakuchoka?" Nikasema walichoka. "Walikuwa na benchi?"

Siku yenyewe tulikwenda katikati ya wiki, saa tatu, kabla ya magari ya shule. Vitenge laini, hakuna polista. Kijitabu kilikuwa mkononi mwake na kila tulipofika penye picha alikunja kona ya ukurasa. Getini tukakutana na mzee mmoja, na hapo ndipo ninapopata tabu kila mahali, kwa sababu Kidawa hatoi shikamoo. Sauti haitoki mbele ya mtu mgeni. Tumekubaliana anyanyue kiganja. Akanyanyua. Mzee akangoja shikamoo, haikuja, akanigeukia, nami nikamweleza kwa maneno mawili matatu. Akamtazama tena Kidawa, akanyanyua kiganja chake: "Marahaba, mjukuu wangu." Laiti wote wangekuwa hivyo.

Ndani alikaa dakika ishirini. Vyumba vya zamani vina mwangwi, na viatu vya watu vinalia sakafuni, kwa hiyo vifunika vilivaliwa mwanzo mpaka mwisho. Aliyetutembeza nilishamwomba kando asimguse begani na asimuulize maswali ya kujibu papo hapo. Alikumbuka la kwanza, la pili alisahau, tukaelewana. Kwenye pingu Kidawa alisimama, akaangalia kijitabu, akaangalia kabati, akakunja kona. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Tumemaliza," na tukatoka. Picha nyingi za makumbusho hatukuziona. Ningekuwa mimi wa mwaka juzi ningemvuta turudi, nimelipa kiingilio bwana.

Tulikaa mbuyuni zaidi ya saa nzima. Wanasimulia kwamba mama mmoja wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa pale Misheni alizungusha mnyororo kwenye shina ili amfunge punda wake, ukasahaulika, mti ukanenepa ukaumeza. Kipande kidogo tu ndicho kinachochungulia. Mwanangu, ambaye hashiki mchanga, hashiki unga wa chapati, hashiki hata mkono wa bibi yake, alivua vifunika, akaweka kidole kwenye chuma, akakisogeza mpaka pale chuma kinapoingia kwenye gome. Akarudi nyuma. Akarudia. Nilihesabu mara kumi na mbili, kisha nikaacha kuhesabu nikamenya chungwa.

Kwa mwenye mtoto asiyeweza kabisa vyumba vilivyofungwa, magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, ni wazi yote, hakuna mwangwi. Chukueni kofia, jua linagonga kwenye mawe ya matumbawe na mwanga unaumiza macho. Sisi tutakwenda jioni.

Tatizo la siku lilinipata mwishoni kabisa, na nilijitengenezea mwenyewe. Picha ya 14 ilikuwa ya muuza dafu aliyekuwa njiani siku ile ya Jumanne, na chini yake niliandika: "Tukimaliza tutakunywa dafu kwa huyu kaka." Hakuwepo. Baiskeli haipo, madafu hayapo, maganda tu. Kidawa akanyoosha picha, akanyoosha kidole pale patupu, akaanza kutikisika. Tulikaa chini palepale dakika kama thelathini, vifunika masikioni, mtandio juu ya uso, bajaji inatungoja na dereva kwa uungwana akazima injini. Alipotulia nikamwomba kijitabu, nikatoa kalamu ya kuchorea mishono, nikaandika mbele ya sentensi ile neno moja: "Labda."

Akaisoma. Akaniomba kalamu. Akarudi mpaka ukurasa wa kwanza, akaandika labda kwenye kila picha, hata ya choo, kisha akapanda bajaji.