Taa ya Kambini Ipimwe Saa Tisa Usiku

Ugali ulikuwa umeshaanza kushika. Mwiko mkono wa kulia, kipande cha kanga mkono wa kushoto nimekamatia sufuria, wageni 9 wamekaa mchangani wanasubiri, na ile taa ya kijani niliyoinunua jana yake ikafifia, ikapepesa mara mbili, ikazima. Saa mbili na nusu hiyo. Nilimalizia kusonga, simu nikiwa nimeibana kwa kidevu na bega, mwanga unamulika sikio langu kuliko sufuria. Kijana mmoja wa Dar akaniuliza, "Mama, kumbe huku umeme unakatika mpaka ufukweni?" Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, ila moyoni nilikuwa nimeshafika dukani kwa yule muuzaji.

Mimi ni mpishi wa kambi. Mzaliwa wa Ujiji, makazi Mwanga, hapa hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, na kazi yangu ni kufuatana na watu wanaokwenda kulala hemani: fukwe za upande wa Katonga, hifadhi ya Gombe, na mara moja moja safari ndefu ya hifadhi ya Mahale. Wao wanapanda mlima kutafuta sokwe, mimi nabaki na sufuria na kuwafukuza nyani. Kwa hiyo taa kwangu ni chombo cha kazi kama kisu. Nimemiliki nyingi, ila nitazisema tatu.

Ya kwanza ni chemli, niliyoachiwa na marehemu mama. Sitaitukana chemli mbele za watu. Mwanga wake ni wa njano, hauumizi macho, ukiijaza mafuta inakesha, na upepo wa ziwa hauizimi kirahisi. Tatizo lake ni safari. Boti ya abiria ya kutoka Kibirizi kwenda upande wa Gombe ni watu, madumu, magodoro, kuku, na kila kitu kimeegemea kingine kwa saa mbili, tatu. Siku moja chemli ililala ubavu juu ya kiroba changu cha sembe. Mafuta ya taa hayana haja ya kumwagika mengi. Kikombe kimoja cha chai kilitosha. Wageni walikula wali siku tatu mfululizo wakidhani ndivyo ratiba ilivyopangwa.

Na jambo la pili, hili nalisema bila utani: chemli isiingie hemani. Kitu chochote kinachoungua kwenye chumba kilichozibwa kinatoa gesi ya kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina harufu wala moshi wa kukushtua. Mtu anavuta zipu mpaka chini kwa kuogopa mbu, taa inawaka ndani, analala. Bado hujahesabu kitambaa cha hema chenyewe kinavyoshika moto. Chemli ya mama sasa inaning'inia barazani kwangu, na huko inaheshimiwa.

Ya pili ndiyo hiyo ya kijani. Shilingi 18,000. Kwenye boksi kuna picha ya familia imekaa mbele ya mlima wenye theluji, na maandishi makubwa ya saa 24.

"Kaka, hii inakaa na chaji?"

"Mama yangu, hiyo utalala utaiacha inawaka."

"Mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi nyingine."

Niliporudi sikwenda kugombana, nilikwenda kwa fundi redio. Akafungua skrubu nne. Ndani kulikuwa na betri moja, unene wake kama kidole gumba, zile zenye namba 18650: milimita 18 ni upana, 65 ni urefu. Kwenye ganda lake imeandikwa 9,900 mAh, hicho ndicho kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri. Fundi alianza kucheka kabla hajaigusa na mita. Akanieleza kwamba betri ya umbo hilo, hata itoke kiwanda cha maana, inacheza kwenye 3,500 hivi. Ukiona imeandikwa karibu elfu kumi, jua unasomewa hadithi. Kisha akanifanyia jambo ambalo tangu siku hiyo nalifanya mwenyewe: akaiazima mizani ndogo ya jirani yake sonara. Betri nzima ya aina hiyo huwa na gramu 45 kwenda juu. Yangu ilisoma 29. "Mama, hapa umenunua ganda," akasema, akaifunga tena, hakunitoza kitu.

Ukiwa dukani huna mizani ya sonara, lakini mkono unao. Taa kubwa nyepesi kama boksi la biskuti ina sababu ya kuwa nyepesi.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ingenisaidia kabla sijatoa pesa. Chukua mAh gawa kwa 1,000, zidisha kwa volti 3.7, unapata wati-saa, yaani jumla ya nishati iliyomo. Betri ya kweli ya 3,000 inakupa karibu 11. Sasa taa za LED za siku hizi, wati moja inatoa takriban lumeni 100, na lumeni ndicho kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka. Kwa hiyo taa inayojisifu kutoa lumeni 500 inakula wati 5, na betri hiyo itaimaliza kwa saa mbili na kidogo. Hapo hakuna aliyeibiwa, ndivyo ilivyo. Punguza mpaka lumeni 50, itakwenda saa 20. Ndiyo maana maneno ya "inawaka saa 24" na "lumeni 500" yanaweza yote kuwa kweli kwenye boksi moja, ila si usiku mmoja.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, na mimi nilikuwa wa kwanza. Muuzaji anakuwashia taa mchana, kwa nguvu yote, inakuchoma macho, unatoa pesa. Mwambie aishushe mpaka chini kabisa. Taa nyingi za bei rahisi haziwezi kushuka: zina kuwaka, kuzima, na ile ya kumetameta kama ya ambulensi ambayo sijawahi kumwona mtu akiihitaji kambini. Lakini mwanga utakaouhitaji muda mrefu kuliko wote ni ule mdogo. Saa tatu usiku watu wanakula, lumeni 100 zinatosha jiko na mkeka. Saa tano wanapiga soga, 30 zinatosha. Saa tisa usiku mtoto wa mtu anataka kwenda chooni na hajui hema liko upande gani, hapo unataka taa iliyokuwa inawaka kwa mbali tangu jioni na bado ipo.

Mwaka 2024 ndio ulionifundisha kiasi gani kinatosha. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Sisi tumezoea, usiku usio na mbalamwezi ukikaa ufukweni unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga majini kama mji wa ng'ambo. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za LED na betri. Miezi ile hakukuwa na kitu. Weusi mtupu. Nikagundua kwamba kwenye giza la namna hiyo, taa yangu ikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa naona hadi punje za mchele ninazopembua. Mwanga mkubwa ndio ulionipofusha: nikigeuka kutoka kwenye taa kali, sioni hata mahali nilipoweka kifuniko. Macho yakishazoea mwanga mkali yanahitaji nusu saa hivi kurudi kwenye giza. Nahodha wetu alishawahi kunifokea kwa sababu hiyo hiyo tukiwa njiani usiku, "Mama, zima hilo jua lako, sioni ziwa!" Nikazima, tukaona taa za Kibirizi mbele yetu wote wawili.

Basi ya tatu, hii niliyo nayo. Nililipa 65,000, na kabla ya kulipa nilizunguka maduka matatu mpaka wakanichoka. Ni ya duara, kubwa kama chupa ya chai ya watu wanne, ganda lake la juu ni plastiki ya rangi ya maziwa isiyoonyesha balbu, kwa hiyo mwanga unasambaa badala ya kukudunga. Ina viwango vinne na rangi mbili, nyeupe na ya njano. Ndoano juu, ndoano chini. Betri inatoka kwa mkono, ndiyo hiyo hiyo 18650, na nilipoipima kwa sonara ilisoma 46. Imeandikwa IPX4, maana yake inastahimili maji ya kurushiwa, mvua. Haistahimili kuzama. Anayetaka ya kuanguka ziwani aitafute yenye IPX7, hizo zinavumilia kina cha mita moja kwa nusu saa, na ikianguka Tanganyika penye kina ujue hilo ziwa lina karibu mita 1,470 kwenda chini.

Niliipima nyumbani kabla ya safari. Nikaichaji mpaka ikajaa, nikaiwasha kwenye kiwango cha pili saa kumi na mbili jioni, nikaiweka juu ya kabati. Niliamka saa tisa, ipo. Alfajiri, ipo. Ilizima saa nne asubuhi nikiwa nafua. Kipimo hicho ni cha bure na kila mtu anaweza kukifanya. Mwombe muuzaji muda wa siku mbili wa kurudisha. Akikataa, umeshajua anachokijua yeye.

Ina kasoro. Kitufe chake kiko ubavuni na ni laini mno. Ndani ya mzigo kinabonyezwa na kitunguu, taa inawaka boti nzima, unafika Kasekela, huko Gombe, na chaji imekwisha. Dawa niliyoipata ni kukata kipande cha chupa ya maji, kama ukucha, nakipachika kati ya betri na kile kichuma chake, nikifika nakichomoa. Kasoro nyingine ni kile kimfuniko cha raba kinachoziba tundu la kuchajia. Kimechanika mwaka wa kwanza, na tundu likiwa wazi hiyo IPX4 inabaki kuwa herufi. Zamani ningeifunga kwenye rambo, ile mifuko ya plastiki, lakini rambo zilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo inasafiri ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko, pamoja na viberiti na chumvi.

Kuhusu zile zenye kioo cha sola juu ya kichwa, usihadaike. Kioo cha ukubwa wa kiganja mara nyingi hakifikishi hata wati moja, kwa hiyo betri ya wati-saa 11 itakuchukua siku mbili au tatu za jua zuri. Na hapo umeianika taa nzima juani, betri inapikwa. Sola iwe pembeni, yenye waya, taa ikae kivulini.

Sasa rangi ya mwanga, jambo ambalo nililidharau mpaka likanipata. Mwanga mweupe wenye kuelekea ubuluu unaita wadudu kuliko wa njano. Mpishi anayejua hilo hatundiki taa nyeupe juu ya mchuzi wa samaki wetu wa migebuka. Mimi nilitundika. Ilikuwa Novemba, mvua imenyesha mchana, na baada ya magharibi kumbikumbi wakatoka. Kwa dakika kumi nilikuwa natoa mbawa kwenye sufuria kwa kijiko. Siku hizi naweka ya njano jikoni, kichwani juu kidogo na nyuma yangu, nisiitazame.

Na ile ya kijani sijaitupa. Inatoa mweupe mkali kuliko zote, na kumbikumbi hawahitaji mpaka asubuhi. Saa moja jioni wanaanza, saa mbili wamekwisha. Naitundika kwenye mti hatua ishirini kutoka jikoni, chini yake beseni la maji, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni Ujiji kwa chemli. Inazima yenyewe saa mbili na nusu, beseni likiwa limejaa. Kijana wa Dar alirudi mwaka jana na mchumba wake, nikawakaangia kumbikumbi kwa chumvi tu. Mchumba alikula wawili. Yeye alimaliza sahani, akauliza taa nimenunua wapi.