Akina mama wa samaki Ngamiani: tui safi, chenji hakuna

Nimekula hapa mara tatu sasa kwahiyo siongei kwa kuonja tu. Ni banda la kikundi cha akina mama huku Ngamiani, Tanga, mabenchi mawili na jiko la mkaa, na samaki wa kupaka wao wallahi ni habari nyingine, changu anachomwa kwanza mpaka ngozi inakauka ndo anapakwa tui zito, anarudi motoni, anapakwa tena, ukimla na wali wa nazi simu inaita huisikii.

Chapati siwasifii. Za asubuhi wanakuuzia jioni, ngumu. Na uwe na muda, wanasema Tanga waja leo waondoka leo, ila pale ukiagiza saa saba waondoka alasiri.

Kilichonifanya niandike ni kasanduku ka bati chini ya meza, kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Nikamuuliza shangazi anaepaka tui, akacheka, "mwanangu hiyo ndo benki yetu." Kumbe walikuwa wanausubiri ule mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, ukasimamishwa 2023, sa ukiwa na njaa utasubiri mpaka lini, wakaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Shangazi anasema enzi hizo kila Jumatano, siku ya rejesho, akisikia hodi anakimbilia chooni, mume hajui chochote, mpaka siku wadai wamekuja kubeba godoro na mtoto kalala juu yake. Nyumba ikawaka ugomvi, talaka ilibaki kuandikwa tu. Mikopo iliporudi 2024 ndo kikundi kikapata, marejesho yanatoka kwenye sanduku mbele ya wote, na mume yule yule sa hivi ndo anawahi soko la samaki la Deep Sea alfajiri kumchukulia samaki. Amani imerudi nyumbani hivyo, nyie mnaohubiri amani majukwaani nendeni mkamsikilize huyu shangazi, mkifika mle kabisa.

Sasa chenji. Nilitoa elfu kumi, mtoto akatumwa duka la jirani, nikakaa dakika ishirini natazama mifupa. Lipa namba ipo, imebandikwa juu ya jiko, ila moshi umekula tarakimu mbili za mwisho. Jamani ibandikeni upande wa pili.