Nimekodi lenzi Arusha: fangasi ya kwao, laki na nusu ya kwangu

Kama unajiandaa kwenda kupiga kambi Hifadhi ya Taifa ya Arusha na huna lenzi ndefu ya kupigia vitu vya mbali, ukapanga kukodi hapa mjini, soma hii kabla hujatoa hela. Duka silitaji, ila utaratibu wao nautaja wote.

Lenzi inatoka kabatini ikiwa imezungushiwa stika kwenye kifuniko cha nyuma. Ukiomba kukifungua uangalie kioo, kijana wa kaunta anakwambia, "Kaka, stika ikitoka umeshakodi, hela hairudi." Kwa hiyo unalipa kodi, unaacha dhamana ya laki tatu, halafu ndipo unaruhusiwa kuona ulichokilipia. Niliomba dakika moja tu ya tochi, mbele yake, juu ya kaunta yake. Akajibu kwamba wazungu wametoka kuitumia na hawakulalamika, akarudi kwenye simu yake. Gari lilikuwa linaondoka alfajiri na alilijua hilo. Wateja wa maduka haya karibu wote wanafika hivyo hivyo, jioni, safari imeshalipiwa, hakuna pa kukimbilia tena.

Sasa lenzi yenyewe. Kwenye vioo vya nyuma kulikuwa na fangasi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, zimetambaa kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Chini ya taa ya dari huzioni. Ukiwasha tochi ya simu ukamulika kutoka mbele kwa mshazari huku unachungulia kwa nyuma, zinajitokeza zote. Kwa lenzi za Nikon za zamani, tundu linalopitisha mwanga hujifunga lenzi ikitoka kwenye kamera, kwa hiyo lazima usukume kile kijipini cha nyuma ndipo uone ndani. Kazi yote haichukui dakika moja.

Mtu atasema vinyuzi tu, vina madhara gani? Kwenye maziwa ya Momella, humo hifadhini, vina madhara makubwa, na sababu ni upande jua linakotokea. Alfajiri ukisimama magharibi ya maziwa, mwanga unakuja kutoka upande wa Kilimanjaro, na heroe (flamingo) wako katikati yako na mwanga huo, mvuke unainuka majini. Picha bora za pale hupigwa kinyume cha mwanga. Fangasi inachukua mwanga huo inautawanya ndani ya lenzi: weusi unageuka kijivu, ukingo wa ndege unapata mng'ao kama wa sabuni, na rangi ya waridi inafifia kabisa. Programu ya kuhariri itakurudishia weusi kidogo, lakini ncha za manyoya zikishamezwa na mng'ao hazirudi.

Geuka upande wa pili sasa, piga Meru, mita 4,566 za mlima zinazopata jua la asubuhi usoni. Lenzi ile ile itakupa picha inayokubalika, labda imepauka kidogo. Ndiyo maana mtu anaweza kuitumia siku nzima akiwa na jua mgongoni asione kasoro, na ndiyo maana ile hoja ya wazungu haina uzito wowote.

Msituni kuelekea kreta ya Ngurdoto ndiko nilikokasirika kweli. Mbega, yule kima wa msituni, ni mtihani hata kwa lenzi nzima: mwili mweusi tii, mabega na mkia mweupe, na pale chini ya miti mwanga ni mdogo. Kamera ikiachwa yenyewe inaona giza, inaongeza mwanga, na nywele nyeupe zinaungua. Dawa yake ni kushusha fidia ya mwanga (kuiambia kamera ipunguze mwanga inaoutaka) hadi -1, wakati mwingine -1.3, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 3200 au zaidi, kasi 1/250 kama mbega ametulia, halafu unaangalia histogramu, ile grafu ya mwanga, upande wa kulia badala ya kuamini kioo cha kamera. Nilifanya yote hayo. Kila picha, weupe wa mkia umemwagika juu ya manyoya meusi. Kwenye picha moja mbega amekaa ananitazama, mkia umening'inia wote, jani halitikisiki, na kuzunguka mkia kuna wingu la maziwa. Picha ya namna hiyo huendi kuiomba mara ya pili.

Nikiwa kambini niliwatumia picha na maelezo. Jibu: "Huo ni umande tu wa Meru kaka, futa na kitambaa." Jamani! Masika yanapoishia, umande upo kweli, na lenzi iliyolala ndani ya hema la baridi inapata jasho ukiitoa nje jua likishapamba moto. Lakini umande wa juu ya kioo unakauka wenyewe, mara nyingi ndani ya nusu saa. Ukitaka kujua tatizo liko wapi, funga tundu liwe dogo sana, f/16 au f/22, piga anga tupu, kisha rudia na lenzi nyingine. Madoa yakibaki palepale, ni vumbi kwenye sensa, kile kibao ndani ya kamera kinachopokea picha. Yakiondoka, ni lenzi ya kwanza. Yangu yaliondoka. Na kitambaa kitafutaje kioo kilicho ndani ya lenzi?

Niwe mkweli, stendi ya kamera, ya miguu mitatu, waliyonipa ilikuwa nzuri. Kichwa hakilegei lenzi ikiinama, kibao kinashika, miguu haizami kwenye tope. Kwa nyota juu ya kambi, na lenzi yangu fupi ya milimita 24, sekunde 20 zilitoka bila kutikisika. Ndani ya gari stendi haina kazi, huko chukua mfuko wa jinzi ujaze maharage kilo mbili, ulaze dirishani, dereva azime injini. Kodi yao pia si mbaya. Hadi hapo nilikuwa tayari kusema duka ni la wastani, kagua lenzi tu.

Ikaja siku ya kurudisha. Yule yule aliyekataa tochi, safari hii tochi anayo. Anamulika, anaona nyuzi, ananiambia nimeingiza fangasi kambini. Dhamana wanakata laki na nusu ya usafi. Nikamwambia taratibu, "Ndugu yangu, fangasi haioti kwa siku chache." Akaniita mbishi mbele ya wateja wengine, dada mmoja akajifanya anasoma bei za memori kadi.

Fangasi ya kusambaa kiasi kile inataka wiki kadhaa, mara nyingi miezi, ya kukaa gizani kwenye unyevu unaozidi asilimia 60 hivi, hewa haizunguki. Hayo ni maelezo ya kabati la duka kipindi cha masika. Begi langu lilikuwa na pakiti tatu za silika za kunyonya unyevu, na lenzi ilikuwa juani kila siku. Zaidi ya hapo, picha ya kwanza kabisa niliyopiga nayo, asubuhi ile ile ya kuingia, ina doa lile lile mahali pale pale kama ya mwisho, na saa ya kamera imeandikwa ndani ya faili. Nilimwonyesha zote mbili kwenye kompyuta yake. Akasema mambo ya picha yeye hayamhusu. Mtu anayekodisha lenzi!

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya stendi. Nikikumbuka ile stika naona mbili. Na stika ile kazi yake nimeshaielewa: inazuia ukaguzi siku ya kuchukua, kisha ukaguzi unafanywa na wao peke yao siku ya kurudisha, ukiwa huna ushahidi. Moja basi. Kama bado utaenda, lipa, kata stika papo hapo ukiwa kaunta, mulika, rekodi video ya vioo vya mbele na nyuma huku kijana anaonekana na tarehe anaitamka. Akikataa kurekodiwa, ondoka, hata gari liwe linakusubiri nje.

Na nyie wenye duka, najua mtaisoma hii. Doa liko kwenye faili la kwanza. Nirudishieni laki na nusu yangu, na lenzi hiyo msimpe mtu mwingine mpaka vioo vifunguliwe na fundi.