Mtungi wa "kulainisha waini": hela yangu imevujia barazani

Mnisamehe, naandika nikiwa bado na hasira. Mimi Mgogo, niko Tanga kikazi, na kila nikitoka kwetu Dodoma narudi na dumu la waini nyekundu. Ikiwa changa ina ukali, inakaba ulimi kama ndizi mbichi. Kijana mmoja wa duka la vyombo vya udongo akaniapia kwamba mtungi wake unailainisha. Akataja hadi Georgia, ile nchi, si jimbo la Marekani, eti wao wanahifadhi hivyohivyo tangu enzi. Nikatoa elfu arobaini bila kuomba punguzo. Tanga hii!

Niseme haki, siku za mwanzo nilimsifu. Udongo unapumua, hewa inapenya kidogo kidogo, na ukali ulipungua kweli. Nilimwita rafiki tukanywa vikombe viwili, akaniuliza kama nimebadilisha dumu.

Halafu nikaona duara la zambarau kwenye saruji. Mtungi unatoa jasho tumboni. Kufunua, waini imeshuka kiasi cha kiganja, vinzi vinaelea, harufu inachoma pua. Siki tupu! Na nyuma ya siki, ladha ya matope.

Nikajaza chupa nikampelekea yule kijana wa duka. Hakunusa hata. "Mzee wangu, huo mtungi wa maji. Nani alikwambia utie pombe?" Si wewe? Akacheka, akawageukia wateja: "Mzee anataka mtungi ugeuke friji." Wakacheka naye. Waini ningeisamehe, kicheko kile sijakisamehe mpaka leo.

Nikaenda kusoma mwenyewe. Kumbe mtungi wa Georgia, qvevri, huzikwa ardhini mpaka shingoni, kwenye ubaridi, ndani umepakwa nta ya nyuki, na mdomo unafunikwa ukazibwa. Ufundi huo UNESCO iliuorodhesha mwaka 2013. Warumi wa kale nao walipaka mitungi yao utomvu wa misonobari. Wangu hauna nta wala utomvu, umekaa barazani na kifuniko cha mbao kinachocheza, kwenye joto hili la pwani. Hewa ikizidi, vijidudu vya siki vinasherehekea. Kijana alikuwa na nusu ya habari, akaniuzia kwa bei ya habari nzima.

Nilitaka kuuvunja. Bibi jirani, Mdigo, akanizuia, ncha ya leso puani. "Mwanangu, utavunja chombo kwa kosa la mtu? Kaoshe harufu hiyo, kisha uniletee." Nikaosha, nikauloweka, nikaurudisha kuosha. Akaufukiza kwa ubani juu ya makaa, mdomo chini, mpaka moshi ukakolea ndani, ndipo nikatia maji.

Maji hayo sijui niyaelezeje. Jasho lilelile lililoninyang'anya waini ndilo linalopoza maji, na ubani unakuja mwishoni kabisa, ukishameza. Friji siku hizi naifungulia nyama tu.

Kwa hiyo usinunue. Au nunua, lakini kwa maji, na uombe punguzo mpaka akuchukie. Mtungi wenyewe hauna kosa, nasema hivi huku nikikumbuka vile vikombe viwili vya mwanzo, maana sijawahi kunywa waini ya kwetu ikiwa laini vile. Dumu lingine linakuja na basi. Jana nimeulizia bei ya nta ya nyuki, na nyuma ya nyumba pana kivuli kizuri cha kuchimba shimo.