Banda la maonesho la mita 3 kwa 3: tathmini yetu kutoka Tanga

Kwa sisi tunaouza iliki na mdalasini wa Usambara Mashariki, banda la maonesho ndilo huamua iwapo mpita njia atasimama au ataendelea na safari yake. Safari hii tulikodi kwa fundi mmoja wa hapa Tanga mjini banda la fremu za alumini, lenye mita za mraba 9, na kwa jumla tumeridhika nalo. Watu wawili hulisimamisha bila ngazi, na alumini haiharibiki upesi kama chuma katika upepo huu wa chumvi unaovuma kutoka baharini. Kasoro kubwa ni kitambaa cha nyuma, ambacho hakikuwa na kamba za kutosha, kikawa kinapepea kila alasiri hata bei zilizoandikwa juu yake zisisomeke. Jambo hilo lilitusikitisha sana. Kaunta ni ndogo. Anayetaka kukodi aombe nafasi ya kona, kwa sababu pande mbili zilizo wazi huwapa wateja njia ya kuingia na ya kutokea, na harufu ya iliki, ambayo kwetu ndiyo tangazo la kweli, huwafikia kabla hawajalisoma bango.