Uzoefu wangu: seti ya sili za kabureta za SU HS4 kwa MGB iliyolala majira ya baridi

Seti hii ni ya kabureta pacha (vifaa vya kuchanganya petroli na hewa) za SU HS4, zile za gari la MGB la miaka ya 1960. Ndani yake mna sindano mbili za floti (boya linalofungua na kufunga petroli) zenye ncha ya Vitoni, mpira unaostahimili petroli, pamoja na viti vyake, gasketi za vifuniko, washa (vipete vya kuweka chini ya nati), na sili za paipu za jeti, yaani tundu la kutolea petroli. Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekosekana kwa sababu karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu sili hizo za paipu, chini ya chemba ya floti, na hapo ndipo watu wengi huharibu.

Gari likikaa gereji tangu Novemba hadi Machi, petroli iliyobaki kwenye chemba ya floti hukauka polepole na kuacha utandu wa kahawia unaonata. Utandu huo ukiikamata sindano ikiwa wazi, chemba inafurika. Mipira nayo, iliyokwisha kuvimba kwa ethanoli, ikikauka inasinyaa. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ni E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10), na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kabla ya kufungua chochote, washa swichi bila kupiga stata, kisha sikiliza pampu ya umeme kule nyuma. Inagonga harakaharaka, inapunguza mwendo, halafu inanyamaza. Ikiendelea kugonga wakati tangi lina mafuta, kuna mahali petroli inatoka. Chungulia haraka, uzime. Ikitoka kwenye paipu ya kufurikia iliyo kwenye kifuniko cha chemba, shida ni sindano au floti. Ikitoka chini ya chemba, kwenye nati ya paipu ya nailoni, ni sili. Ikitoka pale paipu inapoingia kwenye kichwa cha jeti, seti hii haitakusaidia: nunua jeti nzima. Ya mbele na ya nyuma hazibadilishani, urefu wa paipu zake ni tofauti.

Chomoa waya hasi wa betri, injini iwe baridi kabisa, na kizimamoto kiwe mkononi. Kwenye MGB ekzosi iko upande uleule, chini ya kabureta, kwa hiyo tone moja si jambo la kupuuza.

Kifuniko cha chemba kina skrubu tatu; kitie alama kwanza ili kirudi kilivyokuwa. Toa pini ya floti, kisha itikise floti karibu na sikio. Ukisikia majimaji ndani, imetoboka, itupe. Kiti kipya usikikaze kwa nguvu, kifuniko ni aloi laini na nyuzi zake huchubuka. Ili kupima kimo, geuza kifuniko juu chini na upitishe biti ya drili ya milimita 3 kati ya floti na ukingo wa kifuniko. Floti yenye ulimi wa chuma hurekebishwa kwa kuukunja ulimi. Ya plastiki tupu huongezewa washa chini ya kiti.

Sasa sili. Vua ile ya zamani, safisha tundu, kisha panga kwenye paipu: nati, washa ya chuma, sili mpya. Ncha ya paipu itokeze angalau milimita 4.8 kupita sili. Ikitokeza pungufu, sili huvimbia mbele ya mdomo wa paipu na kuziba njia. Kaza mpaka uhisi mpira umebanwa, basi. Kuikaza zaidi kunaleta uvujaji uleule uliokusudia kuuzuia.

Ukitoa jeti, nati kubwa inayoshikilia kitako chake usiiguse, la sivyo itabidi uisawazishe upya. Kwa kuanzia, pandisha jeti mpaka ilingane na daraja (kituta kilicho kwenye njia ya hewa, pale jeti inapotokezea), kisha ishushe pande 12 za nati ya kurekebishia, yaani mizunguko miwili. Inua pistoni ya kabureta kwa kidole na uiachie: lazima igonge daraja kwa mlio mkavu.

Kama bado inafurika na sindano ni mpya, pima pampu. SU hizi zinataka shinikizo la takriban psi 3 (pauni kwa inchi ya mraba). Baadhi ya pampu za kisasa husukuma 5 na kuendelea, na hakuna sindano itakayozizuia.