Karatasi Zinakwenda, Mtaro Umesimama: Tathmini ya Huduma za Halmashauri Yangu, Dar es Salaam

Kwa muda wa miezi kumi na minne nimekuwa mteja, kama neno hilo linafaa, wa ofisi ya serikali ya mtaa, ofisi ya kata na makao makuu ya mojawapo ya halmashauri tano za mkoa wa Dar es Salaam. Nilikuwa na shida nne: leseni ya duka langu la vifaa vya shule, barua ya utambulisho ya mwanangu aliyekuwa akifungua akaunti benki, taka zisizozolewa, na mtaro ulioziba mbele ya nyumba yetu. Halmashauri yenyewe siitaji, kwa kuwa nimezungumza na ndugu na wateja wanaoishi katika halmashauri nyingine na nimesikia mambo yanayofanana na yangu. Naipa nyota tatu kati ya tano, na mbili katika hizo zimeletwa na leseni peke yake.

Zamani leseni ilikuwa safari ya faili. Ulipanga foleni kwa afisa biashara, ukarudishwa kutafuta nakala, ukaenda benki kulipa, ukarudi na stakabadhi, na siku hiyo ukaambiwa kwamba mwenye kutia saini yuko semina. Sasa maombi hufanyika mtandaoni, katika mfumo wa TAUSI. Niliingiza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, TIN, yaani namba ya mlipakodi, uthibitisho wa kodi kutoka mamlaka ya mapato, TRA, na mkataba wa pango wa fremu, nikapewa namba ya malipo, ile ambayo mtaani kila mtu anaiita kontroo namba, nikalipa kwa simu nikiwa nimekaa nyuma ya kaunta yangu, na siku ya tatu leseni ilikuwa tayari kuchapwa. Hakuna aliyenigusia habari ya hela ya soda. Kasoro moja naifahamu vizuri kwa sababu ninanufaika nayo: mafundi cherehani na wenye saluni huja dukani niwajazie maombi yao, nami huwatoza shilingi 2,000 kwa kazi ambayo mtumishi mmoja aliyewekwa mapokezi angeweza kuwafanyia bure.

Barua ya utambulisho haijafikiwa na mabadiliko hayo. Mwanangu aliambiwa aanze kwa mjumbe wa shina ili aandikiwe kikaratasi. Mjumbe wetu ni jirani mwema na anatufahamu sote, ila yeye ni kiongozi wa chama, na tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992 sijapata maelezo ya kuniridhisha ya kwa nini huduma ya serikali ianzie barazani kwake. Kutoka hapo kijana alifika ofisini, akaombwa shilingi 5,000 za karatasi na wino, akarudi nyumbani kuniomba mimi. Nilikwenda mwenyewe, nikawaomba kwa heshima wanipe namba ya malipo ili nami nilipe kama nilivyolipia leseni. Barua ilitoka baada ya dakika kumi, na fedha haikutajwa tena.

Katika mitaa kama wetu halmashauri haizoi taka yenyewe; humpa kazi mzabuni, naye hutoza kila kaya ada ya mwezi. Ratiba yetu inasema Jumanne na Ijumaa. Kwa kipindi kirefu cha masika gari lilipita mara moja katika wiki mbili, ingawa mtoza ada hakukosa mwezi hata mmoja, akiwa na mashine yake ya stakabadhi na subira isiyoisha. Simlaumu mzabuni kwa kila kitu. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko mbali, barabara ya kuingia kwetu hugeuka tope, na mwenye kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo, hawezi kuhudumia mtaa unaoongezeka nyumba za kupangisha kila mwaka. Nilipomfuata mtendaji wa mtaa, binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, alinikaribisha kiti na kunijibu bila kuzunguka: «Mama, mimi mzabuni simlipi wala simfukuzi. Mkataba uko juu.» Nilimshukuru kwa ukweli wake, kwa maana huyo ndiye mtumishi aliye karibu nasi kuliko wote, na kazi anayoweza kuifanya peke yake ni kuandika barua kwenda ngazi inayofuata.

Gari lisipopita, hupita vijana wa mikokoteni. Kwa shilingi 500 hubeba kiroba chako, na ukiuliza kinakwenda wapi hupati jibu. Tulikuja kupata jibu kwa macho yetu wenyewe, kwa kuwa viroba vilianza kuonekana ndani ya mtaro, mita mia mbili kutoka vilikochukuliwa, na mvua kubwa ya kwanza iliyasukuma maji yote hadi kwenye vizingiti vya milango yetu.

Ili msomaji anielewe, ni lazima kwanza nieleze nani ana nini. Barabara za mijini za ngazi yetu zimekuwa chini ya TARURA tangu 2017, barabara kuu ziko chini ya TANROADS, majisafi na majitaka yako chini ya DAWASA, na usafi wa mazingira ni kazi ya halmashauri. Tena neno «jiji», ambalo sote tunalitumia kwa Dar es Salaam nzima, kisheria lina maana finyu zaidi: Februari 2021 halmashauri ya jiji iliyokuwa juu ya manispaa ilivunjwa, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa ndiyo jiji, nazo Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zikabaki manispaa, kila moja na baraza lake la madiwani. Mgawanyo huo una mantiki ukiutazama kwenye karatasi. Mtaro wetu, kwa bahati mbaya, huanzia upande wa halmashauri moja na kumwaga maji upande wa nyingine.

Nilizunguka ofisi tatu, ambazo nazo sizitaji. Ya kwanza ilisema kwamba maji ya mvua si majitaka. Ya pili ilisema kwamba mtaro umeziba kwa taka, na taka ni mambo ya usafi. Ya tatu ikasema kwamba taka zina mzabuni, ila kuzibua mtaro ulio kando ya barabara ni kazi ya watu wa barabara. Kila jibu lilikuwa la kweli, lilitolewa kwa adabu, na lilinirudisha kwenye daladala. Mfumo wa kutuma malalamiko kwa simu nao ulinitaka kwanza nichague taasisi ninayoilalamikia, swali ambalo ndilo lililokuwa shida yangu yenyewe.

Inaniuma zaidi ninapokumbuka jinsi serikali inavyoweza kunipata inapotaka. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa ninaponunua umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023. Ukusanyaji umerahisishwa kiasi kwamba mpangaji hujikuta akimlipia mwenye nyumba bila kukusudia. Mita yangu inajulikana ilipo hadi kwa tarakimu ya mwisho. Mtaro ulio hatua sita kutoka kwenye mita hiyo hauna mwenyewe.

Mkutano wa mtaa ulikuwa bora kuliko nilivyotazamia. Mwenyekiti aliyechaguliwa Novemba 2024 aliwaacha watu waseme, hata wale waliosema kwa ukali, na mapato na matumizi yalisomwa, ingawa kwa haraka. Tuliafikiana kufanya msaragambo. Jumamosi mbili mfululizo tulitoka na majembe na mabeleshi, kina mama wakapika uji, na tope lote tukalirundika kando ya barabara tukisubiri lori tuliloahidiwa na ngazi ya juu. Lori halikuja. Mvua ya wiki iliyofuata ililirudisha karibu nusu ya tope hilo mahali lilipokuwa.

Kwa anayekwenda ofisi hizi baada yangu, nina mashauri machache. Usiende na malalamiko ya mdomo. Andika barua, taja urefu wa mtaro na idadi ya nyumba zinazoathirika, weka picha, na upeleke nakala kwa kila ofisi inayoweza kusema kwamba si yake, huku kila nakala ikionyesha nyingine zimepelekwa kwa nani. Mtafute diwani kabla ya kikao cha baraza. Nenda asubuhi, siku ambayo si Ijumaa. Na usiondoke dirishani bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, hata karani akikuambia kwamba haina haja.

Barua yangu ya tatu niliipeleka hivyo, kwa ofisi zote tatu na kwa halmashauri jirani. Nakala ninazo, zikiwa na mihuri minne ya tarehe moja. Mvua za vuli hazijaanza.